Chupa Iliyovaa Sweta

Isevya, Tabora
Alasiri, kesho ukiwa msafiri

Mwanangu Nyamizi,

Wewe na mama yako mmekwenda sokoni, na nyumba imetulia kiasi cha kuniwezesha kuandika. Ningeweza kusubiri mrudi nikakuambia kwa mdomo, lakini najifahamu. Nikifungua kinywa nitaishia kukusahihisha namna ulivyofunga sanduku, kisha utapanda treni ukiwa umebeba kero zangu tu.

Habari ya chandarua, maji ya kuchemsha na wenye nyumba wa Kigoma, mama yako amekwisha kukueleza, naye huyajua hayo kuliko mimi. Nayaruka.

Juzi uliniomba kile kisanduku cheusi kilichoko juu ya kabati. Ulisema ungependa kukiweka mezani pako huko maabara, wenzako wakikuuliza uwaambie kilitengenezwa na baba yako. Nilikujibu, "Hicho si pambo," nikatoka nje. Niliona ulivyoumia. Nataka ujue kwa nini sikukupa, na kwa nini badala yake nakupa chupa ya asali uipeleke Usinge.

Unajua kwamba mimi na mjomba wako Mihayo tulikosana. Mji mzima unajua. Lakini ulikuwa shule ya bweni wakati ule, na uliporudi ukakuta nyumba imenyamaza, nawe ukanyamaza pamoja nayo. Hukuuliza. Ulilelewa vizuri mno kuuliza, na hilo nalo ni kosa langu.

Kwanza nikukumbushe jinsi tulivyokuwa, maana ulikuwa mdogo.

Mimi ni Mzigua, nililetwa Tabora na kazi ya ualimu. Mjomba wako ni Mnyamwezi wa Sikonge. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, babu zao walipokuwa wakipita na mizigo mabegani kwenda pwani na kurudi, na babu zetu wakiwauzia chakula na maji njiani. Siku ya harusi yangu Mihayo alilala kizingitini, mzima mzima, akiwa na suti.

"Mzigua hapiti!" alipiga kelele. "Babu yake alimwuzia babu yangu maji ya kisima. Na mimi leo namwuzia mlango!"

"Inuka, mpagazi," nikamwambia. "Mzigo wako uko Ujiji, unaota ukungu."

Watu walicheka hadi bibi yako akaketi chini. Tangu siku hiyo sikuwahi kuitwa jina langu na mjomba wako. Nilikuwa Mzigua, mwizi, mroho. Yeye alikuwa mpagazi. Akifika hapa alikuwa anavua kofia yangu kichwani na kuivaa mwenyewe, anakula nyama ya sahani yangu, na mimi nikifika kwake nilikuwa naondoka na kuku bila kuaga. Mimi, ambaye shuleni sikumruhusu mwanafunzi kuchomoa shati nje ya suruali, nilikuwa na mtu mmoja duniani aliyeniruhusu nisiwe mwalimu. Sikujua thamani yake. Nilidhani ni kelele tu.

Ndiye aliyeniita Sikonge. Kikundi chao cha wafuga nyuki kilikuwa kimepata mnunuzi, na mnunuzi yule alikuwa na wasiwasi kwamba baadhi ya watu wanachanganya asali na sukari. Walitaka mtu wa kupima. Mihayo akasimama kikaoni akasema, "Tunaye Mzigua wetu mjini. Mwizi, lakini mizani yake haiibi." Basi nikaitwa, na nikatengeneza kisanduku.

Wewe umesomea vipimo vya hali ya juu, hutastaajabu. Ni ubao uliopakwa rangi nyeusi ndani. Upande mmoja niliweka taa ndogo ya betri. Upande wa pili, ikitazamana nayo, niliweka dayodi ya mwanga, kidude kisichozidi punje ya harage, ambacho kikipigwa na mwanga hutoa mkondo wa umeme. Nilikipata kwa fundi redio karibu na stesheni. Katikati inakaa bilauri ya asali. Nyaya mbili zinatoka kwenye dayodi kwenda kwenye mita ya mkondo, ile ya mshale niliyoifundishia miaka yote. Mwanga ukipita mwingi katika asali, mkondo unakuwa mkubwa na mshale unapanda. Ukipita kidogo, mshale unalala.

Nilikuwa mwangalifu, Nyamizi. Nataka ulishike neno hili kuliko mengine yote ya barua hii. Niliziba maungio ya ubao kwa nta ili mwanga wa nje usiingie, na nta hiyo alinipa mjomba wako. Nilibadilisha betri. Nilitumia bilauri ile ile moja kwa asali zote, nikiiosha na kuikausha. Kila kipimo nilikirudia. Nimetafuta miaka hii yote mahali nilipofanya uzembe, kwa sababu mtu mzembe ana jambo la kurekebisha, naye hupata usingizi. Sikuona.

Ilikuwa Julai, kama sasa. Unaijua baridi ya asubuhi ya Julai. Watu walikuja bandani wamejifunga makoti na mashuka, kila mmoja na ndoo yake. Mihayo alikwisha kuninyang'anya kofia tangu nilipoteremka kwenye baiskeli, ameivaa, anatembea nayo kati ya watu akiiga mwendo wangu. "Kaeni kimya, watoto," anasema kwa sauti ya pua, "mwandike tarehe!" Mnunuzi mwenyewe alicheka.

Nikapima. Asali nyingi ilikuwa imerinwa karibuni, na mshale ulipanda karibu na mahali pamoja. Ya Mihayo ilikuwa ya msimu uliotangulia, aliiweka nyumbani kwake kwa sababu aliipenda. Nilipoitia kisandukuni mshale uliinuka kidogo tu, ukalala.

"Mzigua, mshale wako umelala!" akasema. "Haujanywa uji?"

Nikarudia. Mshale ukafanya vile vile.

"Basi ni baridi. Leo hata asali yangu imevaa sweta!"

Bibi mmoja aliyekuwa nyuma akaitikia, "Ivue basi tuione!" Banda zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mita. Mjini hapa unayasikia maneno ya sokoni, kwamba asali ikiwa na ukungu imetiwa sukari, na mimi nilikuwa nayasikia kama watu wengine. Sasa nilikuwa na maneno ya sokoni kichwani na namba mbele ya macho, na vilikubaliana. Nikasimama. Nilisimama kama nilivyokuwa nasimama mbele ya darasa.

"Ndugu Mihayo," nikasema, "leo sitanii. Asali hii imechanganywa na sukari."

Aliendelea kucheka. Aliwatazama wenzake, akanitazama mimi, akingoja nimalizie mzaha, maana kwa watani tusi zito kama lile lina mkia, na mkia wake huwa mtamu. Alinipa hata nafasi. "Haya, umeshinda, Mzigua," akasema, "niachie kofia basi twende tukanywe chai."

"Nimesema sitanii."

Mjomba wako akaivua kofia yangu. Akaipangusa vumbi kwa kiganja, mbele na nyuma, akaiweka mezani kando ya mita, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Ahsante, mwalimu," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku hiyo, na hajaniita vingine tangu siku hiyo.

Asali yake ilikataliwa. Kikundi hakikumfukuza, lakini aliyekuwa akikaa naye benchi moja alianza kukaa benchi jingine. Kabla ya mvua alichukua mke wake, Mama Kulwa, na watoto, akahamia Usinge kulima mahindi. Mizinga yake aliiacha juu ya miti. Mtu wa Sikonge haachi mizinga. Huirithisha, huigawa, hata huigombea mbele ya wazee. Yeye aliiacha ikining'inia na nyuki wake ndani, na niliambiwa kwamba ilioza huko huko porini, mmoja mmoja ukaanguka.

Mimi nilirudi mjini na chupa yenye sampuli ya asali yake, nikaiweka juu ya kabati kama kielelezo. Oktoba ikaja. Unajua jinsi bati letu linavyowaka Oktoba. Siku moja nilikuwa natafuta kitu juu ya kabati, nikaigusa ile chupa, ikawa ya moto, na asali ndani yake ilikuwa imetakata kama chai ya rangi.

Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Kisha nikateremsha kisanduku, nikafunga nyaya, nikapima. Mshale ulipanda, ukasimama pale pale iliposimama asali ya wengine.

Asali halisi, mwanangu, ikipigwa na baridi hufanya chembechembe. Nyingine ni ndogo mno, na katika asali nyeusi ya misitu yetu jicho haliioni chembe, huona ukungu tu. Lakini mwanga huigonga kila moja na kutawanyika pande zote, na kinachofika kwenye dayodi ni kidogo. Joto likija chembe huyeyuka, na mwanga hupita. Sukari haikuwamo. Haikuwamo hata kijiko.

Na mimi nilikuwa nafundisha jambo hilo! Kila mwaka nilikuwa nafunga madirisha ya darasa, naacha mwale mmoja wa jua upite katika tundu la bati, napiga kifutio cha ubao ndani yake ili vumbi la chaki liruke, kisha nauliza, "Mwanga umekwenda wapi?" Na mtoto wa benchi la mbele anajibu, "Umetawanyika, mwalimu." Nilikuwa na jibu mdomoni kwa miaka thelathini, na siku nilipolihitaji, asali ya shemeji yangu ikiwa mbele yangu na mashuka ya baridi mabegani pa watu wote, sikujiuliza mwanga umekwenda wapi. Mita ilisema mwanga uliopita ni mdogo. Neno "sukari" haikulisema. Nililitia mimi.

Nilikwenda Sikonge kulifuta. Nilisimama katika banda lile lile, nikaeleza, nikapima mbele yao. Walinisikiliza kwa heshima. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, hayo yamekwisha kupita, na mnunuzi tunaye." Walikuwa na kazi zao. Nilikuwa nimekuja na ukweli, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akiuhitaji.

Ndipo nikapanda treni kwenda Usinge. Mama yako hajakueleza safari hiyo kwa kuwa nilimwomba asikueleze.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na njia nzima nilikuwa nayaomba. Nilitamani aniite mwizi, anivue kofia, anifukuze kwa mchi. Aliinuka, akajipangusa mikono, akaniletea kiti.

"Karibu, mwalimu. Habari za safari?"

"Mpagazi," nikasema, "nimekuja."

"Karibu sana. Mama Kulwa, mletee mwalimu maji ya kunywa."

Nilimweleza yote, chembechembe, joto, mwanga. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Nimeelewa. Nashukuru kwa kuja kunifahamisha." Akanisindikiza hadi stesheni, akanibebea mkoba, akasimama hadi treni ikaondoka. Hakuna aliyewahi kunitendea kwa adabu kubwa kama ile. Nililia njia nzima hadi Urambo, mzee mzima, na mwanamke wa kiti cha mbele akanipa muwa.

Niliporudi nilimweleza mama yako. Nilimwambia nimekosea kwa sababu nilisahau chembechembe, nimemweleza kaka yake, naye hakunisamehe. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Na kama ingekuwa sukari kweli?" akaniuliza.

Nilikuwa nimekwenda Usinge kusahihisha kipimo. Mihayo hakuumizwa na kipimo. Kama angekuwa ametia sukari, nami nikamwita mpagazi mwizi kwa utani wetu wa siku zote, nikamvuta nje ya banda kwa ukosi wa koti, nikamtukana njiani hadi nyumbani, leo angekuwa anakula nyama ya sahani yangu. Palikuwa na mlango mmoja ambao hata mhalifu angeweza kupita, nao nikaufunga kwa sentensi moja sahihi. Kiima kipo, kiarifu kipo, hakuna kosa. Leo sitanii.

Sikuelezi haya ili uogope vipimo. Kazi yako ni kupima, na utapima vizuri kuliko mimi. Wala sidai kwamba nimejifunza jambo la kukufaa. Nimejifunza kwa gharama ya mtu mwingine, na yeye hajarudishiwa. Nakueleza kwa sababu utakaa mezani, na mbele yako zitakuja chupa, na kila chupa itakuwa na mtu nyuma yake ambaye hutamwona. Sijui ufanye nini juu ya hilo. Ningelijua, ningekuandikia.

Sasa, habari ya Usinge.

Mama yako alipokwenda kumwona kaka yake mwezi uliopita, ulidhani amekwenda kusalimia. Mihayo ni mgonjwa wa kifua, na hali yake si nzuri. Halali tena chali, analala ameketi, ameegemea gunia. Mama yako alimwuliza kama niende. Akakataa bila ukali. Halafu akamwambia jambo, na mama yako alilibeba siku nyingi kabla ya kunipa.

"Nikifa," alisema, "mwalimu akija msibani apewe kiti na chai, kama mgeni mwingine."

Wewe ni mtoto wa pande zote mbili, huhitaji kuelezwa. Umeona watani msibani. Mtani ndiye anayelala mahali pa maiti na kudai shuka. Ndiye anayevaa viatu vya marehemu, anayeiga sauti yake, anayezuia jeneza njiani hadi alipwe, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Nilikuwa na haki hiyo juu ya mjomba wako, naye juu yangu. Yeye sasa anataka nikae kwenye kiti. Ninywe chai.

Treni yako inapita Usinge, na kazini hawakutarajii kabla ya wiki ijayo. Nakuomba uteremke, ulale kwao, uendelee na treni inayofuata. Mama Kulwa atakupokea.

Chupa nimeiweka mezani. Ni ile ile ya kielelezo, sikuwahi kuionja. Nilitaka uifikishe ikiwa imetakata ili aone, lakini ni Julai, nimeitazama leo asubuhi na imeota ukungu tena. Nilifikiri niianike juani. Kisha nikaacha. Nimechukua sweta lako la kijani, lile la shule lililokubana, nimeivisha. Nimefunga na vifungo. Mpelekee hivyo hivyo. Usimweleze habari ya chembechembe wala ya mwanga. Nilikwisha kumweleza, na alinishukuru.

Msalimie kwanza. Mpe shikamoo yake, akuitikie. Kisha umpe ujumbe wangu, nawe usiupunguze neno kwa sababu ya ugonjwa wake: "Mzigua anauliza, wewe mpagazi umelala mchana kwa ruhusa ya nani? Mzigo haujafika Ujiji. Inuka."

Utaona haya. Mtu anapumua kwa shida na wewe unamtukana. Sema tu.

Mimi sitarajii kitu. Ninalisema wazi ili usije ukajilaumu huko Kigoma kwamba ulisema vibaya au ulichelewa. Amekuwa na adabu kwangu muda mrefu mno, na adabu hiyo imekwisha kumzoea. Huenda utamkuta hawezi kusema. Huenda utakuta watu wameketi uani.

Lakini akikutukana, akikuita mtoto wa mwizi, nipigie simu hapo hapo, saa yoyote, unipe maneno yake kama yalivyo. Usiyasahihishe. Na akiichukua chupa pamoja na sweta, akakataa kukurudishia sweta, usimdai. Mwachie, halafu utoke nje uniambie hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Na akikushukuru, nawe mwitikie kwa heshima, uivue chupa sweta lake, uiache pale, uendelee na safari yako. Usinipigie. Kofia yangu iko msumarini. Nitaivaa, nitakwenda nitakapoitwa, nitakaa kwenye kiti watakachonipa.

Nasikia bajaji langoni, na sauti yako unabishana na dereva. Nakunja karatasi.

Mimi ninayekutazama ukiondoka,
Baba yako